Mafuta Ndani ya Kiwanda cha Magari: Kibali Kinapoondoa Umbali, Kinaweka Nini Mahali Pake?

Gari jipya linapofika mwisho wa mstari wa kuunganishia, huwa na karibu kila kitu isipokuwa mafuta. Injini imefungwa, mfumo wa breki umejazwa, betri imeunganishwa, lakini tangi ni kavu. Ili gari hilo liwashwe, lipimwe na kuondoka kwa magurudumu yake lenyewe hadi uwanja wa kuegesha, sharti litiwe lita chache za petroli au dizeli. Katika viwanda vingi lita hizo hutiwa pale pale, chini ya paa, hatua chache tu kutoka walipo wafanyakazi wengine.

Kwa mwananchi aliyezoea kituo cha mafuta kilicho wazi kando ya barabara, pampu iliyomo ndani ya jengo ni jambo la kushangaza. Kwa mamlaka za udhibiti ni jambo linalohitaji kibali mahsusi. Ombi hilo, ambalo kwa miongo mingi lilihusu petroli na dizeli pekee, limebadilika sura katika miaka ya karibuni, kwa kuwa sasa viwanda vya magari vinaomba kujaza haidrojeni ndani ya majengo yao.

Mfano unaojulikana zaidi barani Ulaya ni wa kiwanda cha BMW mjini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Mwaka 2013, kiwanda hicho kilipokuwa kinaanza kutengeneza gari la umeme la i3, kilifungua kituo cha kwanza nchini humo cha kujaza haidrojeni ndani ya jengo la uzalishaji. Kituo hicho hakikujengwa kwa ajili ya magari yanayouzwa. Kilihudumia mashine 11 za kunyanyua na kuvuta mizigo ndani ya kiwanda, katika mradi wa utafiti uliowashirikisha kampuni ya Linde na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, kwa ufadhili wa serikali ya shirikisho. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 2010, kiwanda cha kampuni hiyo hiyo kilichopo Spartanburg, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, kilikuwa kimekwishaanza kutumia foklifti za haidrojeni, na idadi yake imeongezeka hadi kufikia mamia.

Matangazo ya vibali vya namna hii kwa kawaida huwa mafupi. Husema kwamba kibali kimetolewa, kwamba masharti yamezingatiwa na kwamba usalama umehakikishwa. Msomaji hubaki na maneno matatu yasiyomwambia mengi. Masharti gani, yamezingatiwa na nani, na yatahakikishwa kwa muda gani?

Sababu ya kiwanda kutaka mafuta yawe ndani si ngumu kuieleza. Foklifti inayotumia betri ya kawaida hufanya kazi zamu moja, kisha hupumzishwa kwa saa kadhaa ili ichajiwe, au hubadilishiwa betri. Kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana hulazimika kuwa na betri za akiba, mtambo wa kuzinyanyua na chumba maalumu cha kuzichaji. Chumba hicho hula nafasi ambayo ingetumika kwa uzalishaji, na chenyewe hakikosi hatari, kwa kuwa betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni hewani. Foklifti ya haidrojeni hubeba tangi dogo la gesi na kifaa kinachozalisha umeme kwa kuunganisha gesi hiyo na oksijeni ya hewani, na kinachotoka ni maji. Kuijaza huchukua dakika chache. Lakini faida hiyo hupotea ikiwa dereva atalazimika kutoka nje ya jengo na kuzunguka kiwanda chote hadi kituo kilichowekwa uwanjani, halafu arudi. Katika kiwanda kikubwa safari hiyo ni ndefu kuliko kujaza kwenyewe. Ndipo linapozaliwa ombi la kuweka pampu karibu na mstari wa kazi.

Sheria za mafuta karibu kila mahali zilijengwa juu ya wazo moja jepesi, nalo ni umbali. Tangi likae mita kadhaa kutoka kwenye mpaka wa kiwanja, pampu ikae mbali na mlango wa nyumba, gari la kushushia mafuta liegeshwe mahali palipo wazi, na upepo ufanye kazi iliyobaki. Wazo hilo lina nguvu kwa sababu halihitaji kuhudumiwa. Mita 15 za ardhi tupu hazikatiki umeme wala haziharibiki kwa vumbi. Hazisubiri fundi aje kuzipima upya. Mkaguzi akifika baada ya miaka 10 huzikuta pale pale, na kama mtu amejenga kibanda ndani yake, kosa linaonekana kwa macho.

Kuingiza mafuta ndani ya jengo ni kuukataa ulinzi huo. Hapa ndipo tofauti kati ya aina za mafuta inapokuwa na uzito, kwa sababu kila moja ina tabia yake ya kuua.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, takriban mara tatu hadi nne. Unapomwagika hautawanyiki kuelekea juu, bali hutambaa sakafuni na kutafuta mahali pa chini, kama vile shimo la kukagulia magari, mtaro, ngazi za handaki au mfereji wa nyaya. Waweza kusafiri hivyo hadi kufikia cheche iliyo mbali na pampu, kisha moto ukarudi ulikotoka mvuke. Ndiyo maana kanuni ya usalama kazini ya Marekani inayohusu vimiminika vinavyowaka haraka inakataza mafuta ya aina ya petroli kuhifadhiwa au kushughulikiwa katika jengo lenye handaki au shimo ambalo mvuke unaweza kuingia, isipokuwa sehemu hiyo iwe na mfumo wa kupitisha hewa unaozuia mvuke usikusanyike. Dizeli ni tulivu zaidi kwa kuwa katika joto la kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka. Hii ndiyo sababu masharti yake huwa mepesi, na mara nyingine waombaji husahau kwamba ruhusa ya dizeli si ruhusa ya petroli.

Haidrojeni hufanya kinyume. Ni nyepesi kuliko hewa takriban mara 14, hivyo hupaa. Katika uwanja ulio wazi wepesi huo ni rafiki wa usalama, kwa kuwa gesi iliyovuja hupotea angani kwa muda mfupi. Ndani ya jengo, wepesi huo huo hugeuka kuwa adui pale gesi inapokutana na paa lisilo na pa kutokea na kujikusanya kwenye pembe, nyuma ya mihimili na ndani ya dari za urembo. Huweza kuwaka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa na huendelea kuwaka hadi asilimia 75, ilhali mvuke wa petroli huwaka kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Nguvu ya cheche inayotosha kuiwasha ni takriban sehemu moja ya kumi ya ile inayohitajika kuwasha mvuke wa petroli. Umeme tuli wa nguo ya mfanyakazi unatosha na kubaki. Haina harufu. Mwali wake karibu hauonekani mchana, na mtu anaweza kuuingia kabla hajajua kuwa upo.

Hesabu ndogo inasaidia kuona kilichopo mezani. Kilo 1 ya haidrojeni, ikitoka kwenye presha na kuenea katika joto la kawaida, huchukua takriban mita za ujazo 12. Chukulia foklifti yenye kilo moja na nusu. Gesi hiyo yote ikivuja na kuchanganyika sawasawa, inatosha kufikisha kiwango cha kuwaka katika mita za ujazo 450 za hewa, yaani chumba chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 9 na kimo cha mita 5. Lita 1 ya petroli ikivukizwa yote huweza kufanya hivyo kwa zaidi ya mita za ujazo 10. Katika ukumbi mkubwa wa kiwanda takwimu hizo si kubwa. Katika chumba kidogo cha pembeni, ambacho huenda msanifu amekichagua kwa nia njema ya kutenga pampu na watu, ni kubwa mno. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mdhibiti makini humuuliza mwombaji wa haidrojeni ni ukubwa wa jengo na umbo la paa lake, kabla hata hajataka kujua aina ya pampu.

Masharti yanayofuata baada ya swali hilo yanafanana katika nchi nyingi. Hifadhi kubwa ya gesi hubaki nje ya jengo, na ndani huingia bomba tu, kiasi kinachopita ndani yake kikiwa kimewekewa kikomo. Vihisi vya gesi huwekwa juu ya pampu na chini ya paa. Gesi ikionekana, hata ikiwa bado chini sana ya asilimia 4, valvu hujifunga zenyewe na feni huongeza kasi. Feni zikisimama, pampu haifanyi kazi. Vifaa vyote vya umeme vilivyo karibu huwa vya aina isiyotoa cheche. Foklifti hufungwa waya wa kuondoa umeme tuli, na mpira wa kujazia huwa na kiungo kinachokatika na kujiziba endapo dereva ataondoka kabla ya kuutoa. Marekani iliyakusanya masharti ya haidrojeni, yakiwemo ya kujaza ndani ya majengo, katika mwongozo mmoja wa chama cha kuzuia moto cha nchi hiyo, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya Spartanburg kuanza. Kama ilivyo kawaida, kiwanda kilitangulia na mwongozo ukafuata.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi katika jambo moja linalostahili kutazamwa kwa karibu. Kanuni yake ya usalama wa mitambo kazini, ambayo toleo lake la sasa lilianza kutumika mwaka 2015, inataka kituo cha kujaza gesi kipate idhini ya mamlaka ya jimbo kabla ya kujengwa, na ombi liambatane na taarifa ya taasisi huru ya ukaguzi iliyoidhinishwa. Hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni ratiba inayofuata. Mfumo mzima wa kinga dhidi ya mlipuko hukaguliwa angalau kila baada ya miaka 6. Vifaa vilivyomo katika eneo la hatari hukaguliwa kila baada ya miaka 3. Vihisi vya gesi na mitambo ya kupitisha hewa hukaguliwa kila mwaka.

Mpangilio huo wa sita, tatu na moja unaeleza mengi kuliko tangazo lolote. Ukuta wa zege haukaguliwi kila mwaka, kwa sababu hauzeeki kwa kasi hiyo. Kihisi cha gesi huzeeka. Huingiwa na vumbi, rangi na mvuke wa viyeyusho, vitu ambavyo kiwanda cha magari kinavyo kwa wingi, na kinapochoka hakipigi kelele kutangaza uchovu wake. Huonyesha sifuri. Sifuri ya kihisi kilichokufa na sifuri ya hewa safi zinafanana kabisa kwenye kioo cha chumba cha udhibiti.

Kwa maana hiyo, kibali cha kujaza mafuta ndani ya jengo kinatofautiana na vibali vingi ambavyo mwananchi huvifahamu. Kibali cha ujenzi hutimizwa siku jengo linapokamilika. Hiki hakitimizwi kamwe, kwa kuwa kinga iliyowekwa badala ya umbali hulinda kwa kadiri inavyohudumiwa. Serikali inapokitoa, inajifunga na yenyewe. Inaahidi kwamba atakuwepo mkaguzi anayejua kupima kihisi cha gesi, mwenye kifaa cha kupimia, mwenye usafiri wa kufika na mwenye mamlaka ya kufunga pampu siku atakayokuta kasoro, hata kama siku hiyo kiwanda kina oda ya kukamilisha. Ahadi hii ni nzito kuliko muhuri, na ni nadra kuandikwa kwenye tangazo.

Korea Kusini inatoa funzo la namna ahadi hiyo inavyojaribiwa. Tarehe 17 Januari 2019 nchi hiyo ilianzisha utaratibu wa kuruhusu kampuni kujaribu bidhaa au huduma ambayo sheria iliyopo inaizuia au haiitambui. Wakati huo ruhusa ilitolewa kwa miaka 2, ikiweza kuongezwa mara moja, kampuni ililazimika kuwa na bima ya madhara, na serikali ilibaki na uwezo wa kusimamisha. Ombi la kwanza la sekta ya viwanda kuidhinishwa, tarehe 11 Februari mwaka huo, lilikuwa la kampuni ya Hyundai kujenga vituo vya haidrojeni katikati ya jiji la Seoul, maeneo ambayo kanuni za matumizi ya ardhi na za umbali ziliyafunga. Kimojawapo kilijengwa katika viwanja vya Bunge la nchi hiyo na kufunguliwa Septemba 2019. Uchaguzi wa eneo hilo ulikuwa na ujumbe wake, kwamba waliotunga sheria ndio watakaokaa jirani na tangi. Novemba mwaka huo huo mji wa Ulsan, wenye kiwanda kikubwa cha Hyundai, ulitangazwa kuwa ukanda maalumu wa majaribio ya haidrojeni, na miongoni mwa mambo yaliyoruhusiwa kujaribiwa ni mashine za kubeba mizigo ndani ya majengo ya viwanda.

Kati ya Februari na Septemba, hata hivyo, lilitokea jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Tarehe 23 Mei 2019, matangi ya haidrojeni yalilipuka katika eneo la utafiti mjini Gangneung, pwani ya mashariki ya Korea Kusini. Watu 2 walifariki na 6 walijeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba oksijeni ilikuwa imeingia ndani ya tangi la haidrojeni na kuzidi kiwango cha kulipuka, kisha cheche, inayodhaniwa kuwa ya umeme tuli, ikamaliza kazi. Vifaa vya kuondoa oksijeni na vya kuipima, ambavyo vingetoa onyo, havikuwepo kama ilivyopasa.

Siku 18 baadaye, tarehe 10 Juni 2019, kituo cha haidrojeni kililipuka huko Sandvika, karibu na Oslo, nchini Norway. Hakuna aliyefariki. Watu wawili waliokuwa ndani ya magari jirani waliumia kidogo, kwa sababu mshindo ulifungua mifuko ya hewa ya magari yao. Chanzo kilichotangazwa na kampuni iliyotengeneza mitambo kilikuwa kidogo kiasi cha kusikitisha, nacho ni bolti za kizibo cha tangi moja la presha kubwa ambazo hazikukazwa kwa nguvu iliyotakiwa wakati wa kuunganisha.

Matukio haya mawili yote yalitokea nje, mahali palipo wazi, wala hayakuhusu kiwanda cha magari. Lakini ndiyo yanayotoa kipimo cha haki cha vibali vya ndani. Katika Sandvika, bolti isiyokazwa ilileta mlipuko, na umbali ukawa mmoja wa waliookoa maisha. Ndani ya ukumbi wenye watu mia moja kwenye zamu, bolti ile ile isingekuwa na mshirika huyo. Wanaotetea vibali hivi husema, na wana hoja, kwamba foklifti za Spartanburg zimejazwa ndani ya jengo kwa zaidi ya muongo mmoja na kazi inaendelea. Hoja hiyo ina nguvu hasa kwa sababu kiwanda cha magari ni mahali penye utamaduni wa kupima. Mfanyakazi anayekaza bolti za gurudumu hutumia kifaa kinachorekodi nguvu aliyotumia, na rekodi hiyo huhifadhiwa. Nidhamu ya namna hiyo ikihamishiwa kwenye pampu, hatari hupungua kweli. Ikibaki kwenye magari yanayouzwa peke yake, haisaidii.

Serikali ya Korea Kusini haikufuta mpango wake baada ya Gangneung. Kituo cha Bunge kilifunguliwa, na ukanda wa Ulsan ukatangazwa. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa haraka. Jambo linaloweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba utaratibu wa muda una sifa moja ambayo kibali cha kudumu hakina, nayo ni tarehe ya mwisho. Kampuni hulazimika kurudi mbele ya kamati na data yake, na mdhibiti hulazimika kuisoma. Kibali kisicho na tarehe husomwa mara moja tu, siku kinapotolewa.

Kwa msomaji wa Tanzania, habari za Leipzig na Ulsan zinaweza kuonekana za mbali. Haidrojeni ya foklifti haijawa jambo la kila siku hapa nchini. Lakini magari na malori yanaunganishwa nchini, yakiwemo yanayounganishwa Kibaha mkoani Pwani, na kila gari linalotoka kwenye mstari huo linahitaji lita zake chache za kwanza. Gesi asilia nayo, ambayo imekuwa ikisafirishwa kutoka Songo Songo hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, leo inaendesha teksi, bajaji na mabasi, na karakana za kubadili mifumo ya magari, ikiwemo ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, hufanya kazi zake katika majengo.

Hapo tabia ya mafuta inarudi kuwa swali la kila siku. Gesi asilia, kama haidrojeni, ni nyepesi kuliko hewa, na huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15. Gesi ya mitungi ya kupikia ni nzito na hulala sakafuni kama petroli. Karakana nyingi zilijengwa enzi ambapo hofu pekee ilikuwa petroli, hivyo matundu ya hewa yaliwekwa chini, na juu likaezekwa bati lililobana vizuri ili mvua isiingie. Jengo hilo ni salama kwa gari la petroli. Linapoingizwa gari lenye mtungi wa gesi asilia yenye presha ya bar 200, paa lile lile lililokuwa kinga ya mvua huwa kapu la kukusanyia gesi. Kulirekebisha hakuhitaji teknolojia ya Leipzig, bali kutoboa tundu la hewa kwenye kilele cha paa na kuweka kihisi kimoja kinachopimwa kwa wakati.

Kisheria, ombi la namna hii nchini hupita kwenye mikono kadhaa. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) husimamia leseni chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, zikiwemo za kampuni zinazoweka mitambo ya mafuta kwa matumizi yao wenyewe. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) husimamia Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inayomlinda mfanyakazi aliye ndani ya jengo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lina ya mwaka 2004, na Shirika la Viwango (TBS) huhusika na viwango vya vifaa. Wawekezaji wamekuwa wakilalamikia wingi wa milango, na Serikali imekuwa ikichukua hatua za kuipunguza. Katika jambo hili mahususi, hata hivyo, wingi huo una maana yake. EWURA hutazama mafuta, OSHA humtazama mtu, na Zimamoto hutazama siku ambayo vyote viwili vimeshindikana. Tatizo huja pale kila mmoja anapochukulia kuwa mwenzake ndiye aliyepima kihisi.

Tanzania inalijua gharama ya mafuta kuwa karibu na watu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro, na watu waliokusanyika kuchota petroli iliyomwagika wakakutwa na moto. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Hapakuwa na jengo wala paa, na uwazi uliokuwepo haukufaa kitu, kwa sababu watu waliuvuka kwa miguu yao wenyewe. Umbali nao una udhaifu wake. Hulinda iwapo hakuna sababu ya kuukaribia moto. Kiwandani sababu hiyo ipo kila siku, nayo ni kazi.

Kwa hiyo mwananchi anayefuatilia matangazo ya vibali vya aina hii, awe mfanyakazi wa kiwanda, jirani wa kiwanja au mlipakodi, ana mambo machache ya kuyatafuta ndani ya maandishi. Tangazo litaje aina ya mafuta, si neno “mafuta” peke yake. Litaje kiasi cha juu kinachoruhusiwa kuwa ndani ya jengo kwa wakati mmoja. Litaje ni taasisi ipi itakayopima vihisi na feni, na kila baada ya muda gani. Litaje tarehe ya kibali kuisha au kupitiwa upya. Lisipotaja haya, haina maana kwamba hayapo. Huenda yamo kwenye kiambatisho ambacho mwombaji na mdhibiti peke yao wamekiona. Hakuna siri ya biashara katika ratiba ya kupima feni, na kuichapisha hakugharimu kitu.

Wawakilishi wa usalama na afya ambao sheria ya mwaka 2003 inawatambua mahali pa kazi wana haki ya kuiona ratiba hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Wao ndio wanaojua kama mlango wa dharura ulio nyuma ya pampu umezibwa na makasha ya vipuri, na kama fundi wa zamu ya usiku anafahamu kilipo kitufe cha kufunga valvu au huachiwa tu namba ya simu ya msimamizi aliyelala nyumbani.